Niliposimama Kampala Nikataja Muleba

Bwana wetu asifiwe, ndugu zangu. Na asifiwe tena na wale waliokaa kule nyuma karibu na mlango, maana sauti zao sijazisikia, na mimi nimefundisha miaka mingi, najua wanaokaa nyuma huwa wanafanya nini.

Jina langu ni Kemilembe, binti wa Mzee Bashaija, wa hapa hapa Muleba. Wengi wenu mnaniita Mwalimu. Mchungaji ameniomba nishuhudie leo kwa sababu wiki hii vijana wetu watatu wa umoja wa wanafunzi wanasafiri kwenda nje ya nchi, kwenye mkutano wa wanafunzi Wakristo wa mataifa mengi. Akasema, Mwalimu, wewe ulitangulia kwenda kwenye mkutano wa namna hiyo kabla ya mtu yeyote wa huku kwetu, waambie ulikuwaje. Basi nitawaambia. Lakini sikusimama hapa kusimulia majengo na vyakula. Nimesimama kusema jinsi Mungu alivyonifungua.

Mtauliza, Mwalimu alifungwa na nini? Mnanijua tangu utoto. Sikuwa na pepo, sikunywa pombe ya rubisi, sikulala kitandani kwa ugonjwa. Ndugu zangu, mimi nilifungwa na aibu ya kwetu. Nilikuwa mtu mzima, nimesoma, nimeokoka, naongoza maombi, na bado nilikuwa siwezi kutaja mahali nilipozaliwa bila kuinamisha macho.

Wazee wanaelewa ninachosema. Vijana, ngoja niwaeleze. Zamani, kabla ya Uhuru, kulikuwa na wanawake wa huku kwetu waliopanda meli pale Bukoba wakaenda kwenye miji mikubwa kutafuta maisha. Wengine walikimbia waume waliochaguliwa na wazazi wao. Wengine hawakuwa na kitu, maana kibanja, shamba la migomba la ukoo, kwetu anarithi mtoto wa kiume, na msichana anaambiwa atakula kwa mumewe. Walipofika huko, wapo walioishi kwa kuuza miili yao. Hawakuwa wengi kama watu walivyosema, na hawakuwa wa kabila letu peke yao. Lakini sifa ile mbaya tulibandikwa sisi wote, mabinti wa Bukoba, mpaka na wale ambao hawajazaliwa. Ikafika mahali mwanamke akienda bandarini anarudishwa nyumbani kama mzigo usio na mwenyewe, asipokuwa na mwanamume wa kumsemea.

Nyumbani kwetu jambo hili tulilijua kwa karibu. Shangazi yangu, dada yake baba, alipanda meli ile kabla sijazaliwa na hakurudi. Jina lake halikutajwa sebuleni kwetu. Baba alikuwa mzee wa kanisa, anasoma Neno vizuri kuliko mtu yeyote kijijini, lakini watu wakitaka kumnyamazisha kwenye kikao waliuliza tu kwa upole, hivi dada yako siku hizi yuko wapi? Na baba ananyamaza. Mimi nilikua nikimwona baba yangu akinyamaza namna hiyo, na niliichukia meli kuliko nyoka.

Nilipofaulu kwenda sekondari nilipelekwa mkoa mwingine. Jioni ya kwanza bwenini wenzangu wakaniuliza, unatoka wapi? Nikasema Bukoba. Wakatazamana, wakacheka chini kwa chini, na mmoja akaondoa kibeti chake kitandani akakifungia kwenye sanduku. Tangu siku ile nikiulizwa nasema natoka Ziwa Magharibi, maana ndivyo mkoa wetu ulivyoitwa wakati ule, na mtu ambaye hakuwa makini na ramani alifikiri ni mahali pengine kabisa.

Basi nikaendelea hivyo mpaka nikaingia chuo cha ualimu. Huko ndiko nilikokutana na umoja wa wanafunzi Wakristo, na huko ndiko Yesu alikonishika mkono. Azimio la Arusha lilikuwa bado jipya. Taifa zima lilikuwa linasema tujenge, tusome, tujitegemee, na sisi wanafunzi tulisema Mkristo hawezi kukaa pembeni akiangalia. Likizo moja tukaja huku Muleba, kwenye kijiji cha ujamaa kilichokuwa kinaanza. Mchana tulikata miti na kukandika madarasa, jioni tulifundisha watu wazima kusoma. Niliwafundisha akina mama walioshika chaki kama wanavyoshika mwiko, na walipoweza kuandika majina yao walicheka mpaka machozi yakawatoka. Nilijivuna, ndugu zangu. Na mpaka leo najivuna.

Habari za kazi ile zikafika mbali. Umoja wa wanafunzi ukaalikwa kwenye mkutano wa mataifa, Kampala, kueleza jinsi wanafunzi wa Tanzania wanavyojenga nchi yao kwa imani. Wakati ule mpaka ulikuwa na amani na meli ilikuwa inakwenda na kurudi. Wakachaguliwa wajumbe wawili, mimi na kijana mwenzangu aliyekuwa katibu wetu. Wiki ya safari yule katibu akashikwa na malaria ya nguvu, akalazwa. Nikabaki mimi peke yangu. Binti ambaye hajaolewa, peke yake, kwa meli, kwenda Kampala.

Nadhani mnaanza kuona moto ulivyowaka.

Wazee wa kanisa wakaja nyumbani kwetu. Aliyekuwa mkali kuliko wote ni Mzee Kaijage, Mungu amrehemu, mnamkumbuka yule aliyekuwa anavaa koti zito hata jua likiwaka. Mzee Kaijage hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kusema neno lake mpaka mwisho. Akasema mbele yangu na mbele ya mama yangu, "Bashaija, meli ile ilishamchukua dada yako. Sasa unataka kuipa na binti? Akienda huyu, wewe usikae tena kiti cha mzee wa kanisa. Watu watatucheka."

Mimi nilikuwa nimepiga magoti karibu na mlango, kama binti anavyokaa wazee wakizungumza. Nikamtazama baba. Nikaona ananyamaza, ule ule unyamavu niliokua nao. Moyoni nikasema, Bwana, yameisha. Sikumwomba Mungu nipate safari, nawaambia kweli. Niliomba baba yangu aseme neno moja tu.

Baba akamgeukia mama, akamwambia alete kahawa.

Vijana wa siku hizi mnajua kahawa ya kwenye kikombe. Ile ya kwetu hasa ni ya kutafuna, mbivu iliyochemshwa na majani ikakaushwa, inayotolewa kwenye kikapu kidogo. Anapewa mgeni. Mtoto wa nyumbani hapewi, atajichukulia mwenyewe jikoni akitaka. Mama akaleta kikapu, akapiga magoti akampa baba. Wazee wakakaa sawa, kila mmoja akingoja kikapu kimfikie, na Mzee Kaijage alikuwa ameshanyoosha mkono. Baba akakipitisha kikapu mbele ya Mzee Kaijage, akainuka na mguu wake mbovu, akaja mlangoni nilipokuwa, akaniwekea mimi kwanza.

Baba akasema, "Dada yangu alitoka nyumba hii bila mtu kumuaga. Alitoka kama mwizi, kwa sababu sisi tulimfanya atoke hivyo. Huyu hatoki hivyo. Huyu ninamuaga kama mgeni wangu, na atarudi nimpokee kama mgeni wangu. Kiti cha mzee wa kanisa mkikitaka, kile pale, chukueni."

Ndugu zangu, nilitafuna kahawa ile huku machozi yananitiririka na chumvi yake imeingia mdomoni. Kwa mara ya kwanza nilimsikia baba yangu akimtaja dada yake. Jina lake alilitamka pia, na mama akainua uso.

Mzee Kaijage akachukua kahawa yake mwisho, akaitafuna polepole. Akasema, "Sawa. Lakini mimi nitakwenda mpaka bandarini. Nitamwona kwa macho yangu anapanda na nani." Huyo ndiye Mzee Kaijage.

Na kweli alikwenda. Tulipanda lori la chama cha ushirika lililobeba magunia ya kahawa, mimi mbele karibu na dereva, yeye juu ya magunia na koti lake. Tukapita Kemondo, tukaingia Bukoba, nikalala kwa ndugu zetu mtaa wa Hamugembe, na yeye akalala kwa mpwa wake mtaa wa Nyanga. Kesho yake alasiri nilipofika bandarini nilimkuta ameshafika, amesimama mbali kidogo, ananitazama kama mtu anayechunga mbuzi wa jirani.

Nilikuwa na tiketi na hati yangu ya safari. Pale getini alisimama bwana mmoja aliyekuwa anakagua abiria. Wanaume walikuwa wanapita tu. Mimi akanisimamisha. "Unakwenda wapi?" Nikamwambia Kampala, kwenye mkutano wa Wakristo. Akacheka. "Mkutano. Wa Wakristo. Na mumeo yuko wapi? Na baba yako? Haya mabinti ya Bukoba, kila mmoja ana mkutano wake huko."

Watu waliokuwa kwenye mstari wakacheka pia. Uhuru tulikuwa tumeupata, sheria za kuwarudisha wanawake zilikuwa zimekufa, lakini vichwani mwa watu zilikuwa hai na zinakula vizuri. Nikahisi miguu inataka kugeuka irudi Muleba yenyewe.

Ndipo nikasikia sauti nyuma yangu. Mzee Kaijage alikuwa amefika, koti linapepea. Yaliyosemwa na yule bwana hayakutofautiana sana na aliyoyasema yeye sebuleni kwetu. Lakini yeye alikuwa ameyasema nyumbani. Kuyasikia kwa mtu mwingine, mbele ya mstari wa watu, kulimkera kupita kiasi. Akamwambia, "Huyu ni mtoto wa kanisa letu. Tumemtuma sisi. Sisi wazee tumekaa, tumemtafunisha kahawa, tumemtuma. Wewe nani wa kumcheka mjumbe wetu? Mimi mwenyewe nilimpinga kuliko wewe, na mimi ndiye ninayekwambia apite."

Yule bwana akasogea kando. Akaniachia. Nikapanda ngazi ya meli, nikageuka, nikamwona Mzee Kaijage bado amesimama pale na kofia mkononi. Hakupunga mkono. Aliivaa kofia yake tu, akaenda zake. Mungu ana njia zake za kutengeneza mashahidi, naye hachagui walio laini.

Mtafikiri hapo ndipo nilipofunguliwa. Bado. Hapo nilisemewa na mtu mwingine. Kufunguliwa kulikuja Kampala, na kulikuja baada ya kosa ambalo ni mtu wa kwetu tu anayeweza kulifanya.

Tulifikia kwenye chuo kimoja juu ya kilima. Walikuwepo wanafunzi wa Kenya, wa Uganda, wa Rwanda, wa Ethiopia, wa nchi za Ulaya, na wengine wa Asia ambao nilikuwa naona sura za watu wa nchi zao kwenye vitabu tu. Jioni ile ya kwanza tuliitwa ukumbini. Mbele alikaa mgeni wa heshima, mchungaji mzee wa Kizungu mwenye mvi kichwa kizima. Kila mjumbe alitakiwa apite mbele, amsalimie, kisha aseme jina lake na mahali anapotoka.

Waliotangulia walimpa mkono. Zamu yangu ikafika. Sasa mimi niambieni, binti wa Muleba anafika mbele ya mzee mwenye mvi, anafanya nini? Mwili wangu haukuniuliza. Nilipiga magoti, nikainamisha kichwa, nikamsalimu kwa Kihaya kama ninavyomsalimu babu yangu. Na kwetu, kama mjuavyo, binti hainuki mpaka mzee aitikie.

Nikangoja aitikie. Yule mzee, maskini, hakujua kama kuna kitu cha kuitikia. Alipoona nimepiga magoti nimeinamisha kichwa, alidhani naomba. Naye akafumba macho. Wanafunzi wa Ulaya waliokaa safu ya mbele wakaona mchungaji amefumba macho, wakadhani maombi yameanza, nao wakashuka kwenye viti wakapiga magoti. Safu ya pili ikafuata. Mimi namngoja mzee, mzee ananingoja mimi nimalize kuomba, na mataifa yote yanatungoja sisi wawili. Hapo kanisa, chekeni, hata mimi nacheka leo.

Siku ile sikucheka. Niliinua jicho moja nikaona ukumbi mzima uko chini, nikajua kuna kitu kimeharibika, nikasimama haraka. Watu wakafumbua macho, wakatazamana, wakaelewa, kicheko kikapasuka. Kilikuwa kicheko cha wema, yule mzee mwenyewe alicheka na kunishika mkono. Lakini nyuma kabisa, kati ya wajumbe wa Afrika Mashariki, akatoka mmoja akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika, "Huyo ni wa Bukoba. Hao tunawajua. Kupiga magoti ndiyo kazi yao."

Waliojua Kiswahili wakacheka, na kicheko chao hakikuwa cha wema. Wazungu wakauliza wenzao, amesema nini, amesema nini? Hakuna aliyetaka kuwafasiria.

Ndugu zangu, pale ndipo aibu yangu yote ya miaka ilinijia kwa pamoja. Nilimwona yule msichana wa bwenini akifungia kibeti chake. Nilimwona baba akinyamaza. Nilikuwa bado sijasema jina langu wala natoka wapi. Ningeweza kusema Ziwa Magharibi. Ningeweza kusema Tanzania tu, ikaisha, nikakaa. Kiti changu kilikuwa karibu.

Nikaomba moyoni, Yesu, niseme nini? Na jibu lilikuja hapo hapo, likatulia ndani yangu kama maji kwenye mtungi. Yesu mwenyewe alitoka wapi? Alitoka Nazareti. Mji uliokuwa ukitajwa watu wanakunja pua, wanaulizana kama kuna jema lolote linaloweza kutoka huko. Na hakuuficha. Aliitwa Mnazareti alipokuwa akifundisha, aliitwa Mnazareti msalabani, na alipofufuka mji wake ulitajwa pamoja na jina lake. Bwana wangu alivaa jina la mji uliodharauliwa mpaka likawa jina la wokovu. Mimi nani wa kuona aibu?

Nikamwomba mjumbe mmoja wa Kenya asimame karibu yangu anifasirie kwa Kiingereza. Kiingereza nilikuwa nakijua, lakini nilitaka yule aliyesema kule nyuma anisikie moja kwa moja. Nikasema kwa Kiswahili, na sauti yangu haikutetemeka, namshukuru Mungu.

Nilisema, "Jina langu ni Kemilembe. Ni Mhaya. Natoka Muleba, Bukoba. Kwetu tunapiga magoti, ni kweli aliyosema ndugu yangu. Tunapiga magoti kwa wazazi, kwa wazee, na kwa Mungu. Mama yangu anapiga magoti akimpa mgeni chakula, na akiinuka kutoka hapo anashika jembe linalolisha nyumba nzima. Wapo dada zetu walioondoka kwa taabu, na huko walikofika walipata taabu zaidi. Mkiwacheka hao, mnawacheka watu ambao Bwana wetu angekaa nao mezani. Mimi siwakani. Ni dada zangu, na kwetu ni kwao."

Kisha nikaeleza kazi yetu. Nikawaambia juu ya madarasa tuliyokandika, na wale akina mama wa Muleba walioandika majina yao. Nilisema Muleba kila nilipopata nafasi. Yule mwenzangu wa Kenya alifasiri mpaka akatoka jasho. Nilipomaliza, ukumbi ulisimama. Yule mchungaji mzee akaja mbele yangu, akauliza kupitia mkalimani, kwetu mzee humwitikiaje binti? Nikamfundisha. Akaitikia kwa Kihaya kibovu kabisa, na mimi nikaipokea salamu yangu iliyokuwa imechelewa.

Nilipokuwa narudi kwenye kiti nilihisi wepesi ambao siwezi kuueleza. Mnajua mtu aliyebeba ndizi kichwani kutoka shambani, akizitua, shingo inavyojinyoosha yenyewe? Ndivyo nilivyokuwa. Kutoka jioni ile mpaka leo, aibu ile haijanirudia hata mara moja. Nilifunguliwa, ndugu zangu, na aliyenifungua ni Mnazareti.

Lakini Mungu hakuwa amemaliza. Chakula kilipoandaliwa, alitoka jikoni mama mmoja mtu mzima, aproni imelowa, ameshika sinia la matoke. Alikuwa mpishi wa chuo pale kwa miaka mingi. Akapita meza zote, akaja moja kwa moja nilipokaa, akaweka sinia chini, akaniambia kwa Kihaya, "Waitu, mwanangu, rudia tena. Umesema unatoka wapi?"

Nikarudia. Akashika uso kwa mikono yote miwili.

Mtadhani nitasema ni shangazi yangu. Hapana. Shangazi hatukumpata, na mpaka leo hatujui alikolala. Mama huyu aliitwa Kokutona, mtu wa Kemondo. Alikuwa amekuja na meli akiwa msichana. Alipitia mengi ambayo aliniambia yeye na sitayasema hapa. Baadaye akapata kazi ya jikoni, akaacha maisha yale, lakini kila aliyemuuliza alimwambia ni mtu wa mahali pengine. Wenzake jikoni walikuwa hawajui kabila lake. Miaka yote hiyo alikuwa hajasema Kihaya na mtu. Alikuwa amesimama nyuma ya mlango wa jikoni nilipokuwa nazungumza. Akaniambia, "Uliposema kwetu ni kwao, nilijua unaniita mimi."

Siku ya mwisho tulipoagana ukumbini, wajumbe waliitwa tena mmoja mmoja kutaja majina na kwao, kwa ajili ya maombi. Nilipomaliza kutaja langu, mama Kokutona akaingia kutoka jikoni bila kuitwa na mtu. Akasimama kando yangu na aproni yake. Akasema, "Kokutona. Kemondo, Bukoba." Maneno matatu tu. Wapishi wenzake wakachungulia mlangoni wakiwa wameduwaa. Na yule ndugu aliyenitukana siku ya kwanza ndiye aliyeanza kulia, akaja akatuomba msamaha sisi wawili, tukamsamehe, tukaomba naye.

Nilirudi nyumbani kwa meli ile ile niliyoichukia. Baba alinipokea mlangoni, akanipa kahawa kama alivyoahidi, na Mzee Kaijage alikuwepo, akinitazama juu mpaka chini kuona kama nimerudi mzima. Baba aliendelea kuwa mzee wa kanisa mpaka alipofariki, na hakuna mtu aliyemuuliza tena kwa upole dada yake yuko wapi. Alikuwa anamtaja mwenyewe, kwa jina, kwenye maombi. Mama Kokutona alikuja Kemondo mwaka uliofuata kumwona mama yake, aliyekuwa bado hai. Nilikuwepo siku hiyo, na siwezi kuisimulia vizuri. Naomba mniachie hapo.

Namshukuru Mungu kwa baba yangu. Namshukuru kwa Mzee Kaijage, ambaye alinipinga vizuri na kunitetea vizuri zaidi. Namshukuru kwa kanisa hili lililojifunza kutuma mabinti zake.

Sasa nazungumza na wewe uliyekaa hapa leo na kitu unachokificha. Huenda ni ukoo wenu. Huenda ni mama aliyekuzaa bila ndoa, au ndugu aliyefungwa, au kijiji ambacho watu wakikisikia wanacheka. Umeokoka, unaimba kwaya, lakini hapo huwezi kugusa. Mlete Yesu hapo hapo. Yeye mwenyewe hakukulia kwenye mji unaosifiwa. Mwamini, usimame, naye atasimama nawe, nami nawahakikishia kwa sababu alisimama nami.

Na ninyi vijana watatu mnaosafiri, hasa wewe binti Alinda, uliyenijia juzi ukaniuliza kama ni vizuri kusema unatoka Dar es Salaam kwa kuwa unasoma huko. Njoo hapa mbele, mwanangu, usiogope. Baba yako na mama yako na wazee hawa wote wako hapa, wanakusikiliza. Kule watakuuliza kwenu wapi. Tujibu sisi kwanza.

Sema kwa sauti, Alinda. Mpaka wale wa mlangoni wasikie.